Bosco/Gurin: kilomita za mraba 22, wakazi wapatao 50. Je, urefu wa mlima ndio sababu?

Msomaramani ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaandika maelezo kuhusu manispaa ndogo za milima ya Alps, na nimeichagua Bosco/Gurin, iliyoko katika jimbo la Ticino kusini mwa Uswisi. Kijiji kiko mita 1,504 juu ya usawa wa bahari, na hakuna kijiji kingine cha Ticino kinachokaliwa mwaka mzima kilicho juu kuliko hicho. Eneo la manispaa ni takriban kilomita za mraba 22, ilhali wakazi wake wa kudumu ni kama 50 tu, yaani watu wawili na kidogo kwa kila kilomita ya mraba. Jambo jingine lililonivutia ni kwamba wakazi wa asili huzungumza lahaja ya Kijerumani, ingawa vijiji vyote vinavyowazunguka ndani ya jimbo hilo ni vya Kiitalia.

Katika rasimu yangu nimeandika kwamba watu walipungua kwa sababu kijiji kiko juu mno, majira ya baridi ni marefu na ardhi ya kulima ni haba. Kila nikiisoma upya sentensi hiyo naiona dhaifu zaidi, kwa maana katika karne ya 19 kijiji hicho hicho, kikiwa mahali pale pale, kilikuwa na wakazi mia kadhaa. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, jiografia ya mahali hapa inaeleza nini hasa, na haielezi nini? Pili, inawezekanaje jamii ya watu 50 kuendelea kuwa manispaa kamili?

Mpandamilima amejibu:

Ndugu Msomaramani, umefanya vizuri kuitilia shaka sentensi hiyo, na mimi ningeifuta kabisa. Urefu kutoka usawa wa bahari unaeleza namna watu wa Bosco/Gurin walivyoishi, lakini hauelezi kwa nini waliondoka. Tazama Davos, katika jimbo la Graubünden: iko takriban mita 1,560, juu kidogo kuliko Bosco/Gurin, na wakulima wake wa kwanza waliozungumza Kijerumani walitoka katika jamii ya Wawalser, wakulima wa mlimani wale wale walioanzisha Bosco/Gurin, hata hivyo leo ina wakazi zaidi ya 10,000. Zermatt imevuka mita 1,600 na ina zaidi ya watu 5,000. Livigno, upande wa Italia, iko mita zipatazo 1,800 na wakazi wake wanahesabiwa kwa maelfu. Kama urefu ungekuwa ndio hukumu, miji hiyo mitatu isingekuwepo.

Sasa tuiangalie ramani yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotoa jibu zuri zaidi kuliko namba ya mwinuko. Ukitoka Locarno, kando ya Ziwa Maggiore, ambalo mwinuko wake haufiki mita 200, unapanda bonde la mto Maggia hadi Cevio, makao makuu ya wilaya ya Vallemaggia, yaliyo kwenye mita zipatazo 420. Hapo unaliacha bonde kuu na kuufuata mto Rovana kwa njia yenye kona nyingi na miteremko mikali. Penye kijiji cha Cerentino bonde linagawanyika: tawi moja linakwenda Campo, na lingine linapanda hadi Bosco/Gurin, ambako barabara inaishia. Maneno hayo, barabara inaishia, yana uzito kuliko mita 1,504. Davos ipo kwenye bonde pana lenye njia za kuingilia pande zaidi ya moja, na reli iliifikia mwaka 1890, wakati wagonjwa wa kifua kikuu kutoka nchi nyingi walikuwa tayari wakienda huko kutafuta hewa ya milimani. Bosco/Gurin ipo mwisho wa tawi la tawi, na hakuna msafiri anayepita hapo akielekea kwingine, isipokuwa anayetembea kwa miguu.

Lakini kwa mtembea kwa miguu mambo yalikuwa tofauti kabisa, na hapa ndipo lugha inapoingia. Upande wa magharibi kuna kipito cha Guriner Furka, chenye mwinuko wa mita 2,323, kinachoshuka hadi bonde la Formazza, ambalo leo liko Italia na ambalo Wawalser wenyewe huliita Pomatt. Wawalser ni wakulima wa mlimani waliotoka Valais ya juu, na jina lao limetokana na jina la Kijerumani la jimbo hilo. Katika karne za 12 na 13 walianza kusambaa na kujenga makazi katika mabonde ya juu ambayo majirani zao waliyatumia kwa malisho ya kiangazi tu. Kundi moja lilivuka kutoka Formazza likaanzisha Gurin, na kanisa lao la Watakatifu Yakobo na Kristofa liliwekwa wakfu mwaka 1253. Basi kwa waanzilishi wa kijiji hiki, mlango wa mbele ulikuwa kipito cha magharibi, na bonde la Rovana lilikuwa ua wa nyuma. Sisi tunaotazama ramani ya barabara tunaiona nyumba hiyo kinyume.

Kuhusu ardhi, usiandike tu kwamba ilikuwa haba. Eleza jinsi ilivyopangwa. Kilomita zile 22 za mraba zinaanzia bondeni na kupanda hadi kilele cha Wandfluhhorn, ambacho kwa Kiitalia huitwa Pizzo Biela, chenye urefu wa mita 2,863 kwenye mpaka na Italia. Sehemu kubwa ni mwamba, kifusi cha mawe, msitu na malisho ya kiangazi. Familia moja ilihitaji kipande cha ardhi katika kila ngazi ya mlima: shamba dogo karibu na nyumba, majani ya kukata kwenye miteremko ya kati, na malisho ya ng'ombe na mbuzi juu zaidi. Kazi ilipanda na kushuka mlima pamoja na majira. Ukitembelea kijiji leo bado utaona maghala ya mbao yaliyosimamishwa juu ya nguzo fupi, na juu ya kila nguzo kumewekwa bapa la jiwe la mviringo ili panya wasiweze kupanda na kuifikia nafaka. Ninapenda sana maghala hayo, kwa kuwa yanaonyesha jinsi mavuno madogo yalivyolindwa kwa uangalifu mkubwa.

Hatari ya kweli ya mahali hapa ni theluji. Kusini mwa Alps mawingu yenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Mediterania hukwama kwenye milima na kumwaga theluji nyingi kwa muda mfupi. Mwaka 1695 maporomoko ya theluji yaliua watu 34 katika Bosco/Gurin, na mwaka 1749 yaliua wengine 41. Katika kijiji cha ukubwa huo, vifo 41 kwa siku moja ni koo nzima kutoweka. Hata hivyo waliosalia walijenga tena. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wale watu hawakufukuzwa na mlima. Walivumilia yaliyo mabaya kuliko baridi, kwa zaidi ya miaka 600, kabla idadi yao haijaanza kushuka moja kwa moja.

Mhesabuwatu amejibu:

Nakubaliana na Mpandamilima, na ningependa kuongeza upande wa idadi ya watu, ambao mara nyingi huandikwa kwa haraka mno.

Kushuka kwa idadi kulianza katikati ya karne ya 19, na hakukuwa kwa Bosco/Gurin peke yake. Wanaume wa mabonde ya Ticino walikuwa na desturi ya zamani ya kuondoka kwa msimu kwenda kufanya kazi mbali na kurudi. Katika miaka ya 1850, baada ya dhahabu kugunduliwa California na Australia, safari za msimu ziligeuka kuwa za miaka mingi, na nyingi hazikuwa na marejeo. Vallemaggia ilikuwa miongoni mwa mabonde yaliyotoa wasafiri wengi zaidi. Wanawake walibaki na mashamba, mifugo, wazee na watoto, na kwa miaka mingi wao ndio waliolibeba bonde hilo. Kisha ikaja hatua ya pili katika karne ya 20, ambayo haina umaarufu wa dhahabu lakini ilikuwa na athari kubwa zaidi: kazi za mshahara zilizaliwa Locarno, Bellinzona na katika miji ya Uswisi ya Kijerumani, na kijana aliyekwenda kusoma au kujifunza ufundi hakuwa na kazi ya kurudia nyumbani. Barabara na basi viliwasaidia waliobaki, lakini vilevile vilirahisisha kuondoka.

Linganisha na Corippo, katika bonde jirani la Verzasca. Kijiji hicho kiko chini sana kuliko Bosco/Gurin, kwenye mita zipatazo 560, na kina hali ya hewa iliyo laini zaidi. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa na karibu watu 300. Kufikia mwisho wa uhai wake kama manispaa kilikuwa na wakazi wapatao 12 tu, na kilijulikana kuwa manispaa ndogo kuliko zote Uswisi kwa idadi ya watu. Kijiji cha chini kilipungukiwa na watu kuliko cha juu. Upande wa pili weka Juf, katika manispaa ya Avers, jimbo la Graubünden: iko mita 2,126, hutajwa kuwa kijiji cha juu kuliko vyote vya Ulaya vinavyokaliwa mwaka mzima, na bado kina watu wapatao 30. Mifano hiyo miwili ikikaa pamoja katika maelezo yako, msomaji hatahitaji kuambiwa zaidi kuhusu urefu.

Naomba pia uwe mwangalifu na namba yenyewe ya 50. Nchini Uswisi takwimu rasmi huhesabu wakazi wa kudumu, yaani watu walioandikishwa kwenye daftari la manispaa kuwa hapo ndipo makazi yao makuu. Mjukuu wa kijiji anayeishi Locarno, anayemiliki nyumba ya babu yake na kulala humo kila mwisho wa juma na mwezi mzima wa Agosti, hayumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kijiji kina nyumba nyingi kuliko familia, na mtu anayekitembelea siku ya kiangazi au wakati wa kuteleza kwenye theluji huko Grossalp, juu ya kijiji, ataona watu wengi kuliko takwimu zinavyoonyesha. Vilevile, usitumie asilimia. Familia moja ya watu watano ikihama, idadi imeshuka kwa asilimia 10 kwa mwaka mmoja. Ikirudi, grafu inapanda kama mji unaostawi. Kwa jamii ya ukubwa huu, andika idadi kamili na uangalie miongo, si miaka.

Msomaramani ameandika tena:

Nawashukuru sana. Sikuwa nimeifikiria Corippo, na mfano huo umeivunja hoja yangu yote kwa sentensi moja. Nitaifuta sentensi ile. Je, sheria ya Uswisi ya nyumba za pili, yaani nyumba ambazo si makazi makuu ya mtu, inahusika na kijiji kama hiki? Na bado nasubiri mwenye kuelewa habari ya manispaa, kwa sababu neno lenyewe linanitatiza: kwa Kiswahili, manispaa hutufanya tufikirie mji.

Katibu wa Zamani amejibu:

Ndugu yangu, neno hilo linatatiza kweli. Manispaa ya Uswisi, ambayo kwa Kiitalia ni comune na kwa Kijerumani ni Gemeinde, ni ngazi ya chini kabisa ya utawala, chini ya jimbo na chini ya shirikisho. Ukubwa si sharti. Zurich ni manispaa na Bosco/Gurin ni manispaa, na zote mbili zina bajeti, zinatoza kodi, zinatunza daftari la wakazi na zina viongozi waliochaguliwa. Tofauti ni kwamba katika manispaa ndogo za Ticino hakuna baraza la wawakilishi; wenye haki ya kupiga kura hukutana wote katika mkutano mkuu na kuamua mambo yao wenyewe. Jambo hilo lina uzuri wake, lakini pia ni mzigo mkubwa, kwa maana kati ya watu 50 lazima wapatikane wa kuongoza, wa kukagua hesabu na wa kuandika kumbukumbu, na wengine kati yao ni wazee au watoto.

Inawezekanaje basi? Kwa sababu manispaa haibebi kila kitu peke yake. Watoto husoma shule pamoja na wa vijiji vingine vya bonde, na huduma nyingi hutolewa kwa ushirikiano. Pia kuna mgawanyo wa fedha kutoka sehemu zenye uwezo kwenda sehemu zenye uhitaji, ndani ya jimbo na kati ya majimbo. Mfumo wa kitaifa uliorekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2008 una fungu maalumu kwa majimbo yenye mzigo wa kijiografia: mwinuko, miteremko, makazi yaliyotawanyika na watu wachache katika eneo kubwa. Kwa hiyo urefu wa mlima, ambao wenzangu wameuondoa kwenye sababu za uhamaji, unarudi kihalali kwenye hesabu ya gharama: kuondoa theluji barabarani na kuzuia maporomoko ni gharama ile ile, wawe watu 50 au 500.

Kuna taasisi nyingine ambayo waandishi wengi huisahau. Katika Ticino, mbali na manispaa ya kisiasa, kuna patriziato, yaani ushirika wa koo za asili za mahali, ambao aghalabu ndio unaomiliki malisho ya juu na misitu. Mtu anaweza kuwa mkazi wa manispaa bila kuwa mwana-patriziato, na anaweza kuwa mwana-patriziato huku akiishi mjini mbali. Usipoieleza tofauti hiyo, msomaji atadhani kwamba wakazi wale 50 ndio wenye mlima wote.

Kuhusu kuunganishwa: Ticino ilikuwa na manispaa zaidi ya 240 miaka ya 1990, na sasa zimebaki takriban 100. Corippo iliyotajwa hapo juu ilikoma kuwa manispaa tarehe 18 Oktoba 2020, ilipoingia katika manispaa mpya ya Verzasca pamoja na vijiji vingine vya bonde lake. Kijiji hakikufa kwa kufanya hivyo. Nyumba zake kadhaa za mawe zimegeuzwa vyumba vya hoteli iliyotawanyika kijijini. Bosco/Gurin imeendelea kusimama peke yake, na nadhani lugha ina sehemu katika hilo, kwa kuwa muungano wowote utaiweka ndani ya manispaa ya Kiitalia.

Nyumba za pili zinahusika, ndiyo. Tarehe 11 Machi 2012 wananchi wa Uswisi waliamua kwa kura kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika manispaa, na sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Ilikusudiwa hasa kuzuia ujenzi uliokithiri kwenye vituo vya utalii. Katika kijiji ambacho nyumba nyingi ni za watu wasiokaa hapo, maana yake ni kwamba nyumba mpya ya mapumziko haiwezi kujengwa ovyo, wakati nyumba ya mkazi wa kudumu inaweza.

Mpandamilima ameongeza:

Naomba nirekebishe jambo moja katika swali la mwanzo, ili lisiingie kwenye maelezo jinsi lilivyo. Ni kweli kwamba Bosco/Gurin ndiyo manispaa pekee ya Ticino ambayo asili yake ni ya Kijerumani, na lahaja yao, Ggurijnartitsch, imehifadhi mambo ambayo Kijerumani cha mijini kimeyapoteza. Lakini lugha rasmi ya manispaa ni Kiitalia, na katika sensa ya 2000 waliotaja Kiitalia kuwa lugha yao kuu walikuwa tayari wengi kuliko waliotaja Kijerumani. Ndoa na watu wa bondeni, shule na kazi vimefanya hivyo bila amri ya mtu. Jina lenyewe lenye alama ya mkwaju (/) katikati linaonyesha hali hiyo: Bosco ni Kiitalia, maana yake msitu, na Gurin ni jina la Wawalser. Jumba la makumbusho la Walserhaus, lililoanzishwa mwaka 1938, linahifadhi vyombo, mavazi na maneno ya lahaja hiyo, na mimi ningelitaja kabla ya kutaja mahali pa kuteleza kwenye theluji.

Kama una nafasi ya aya moja zaidi, eleza yaliyotokea mwishoni mwa Juni 2024. Mvua kubwa ilisababisha mafuriko na vifusi katika Vallemaggia, watu walipoteza maisha, na daraja la Visletto karibu na Cevio likaanguka. Daraja hilo liko mbali na Bosco/Gurin na chini sana kuliko kijiji, lakini lilipoanguka sehemu yote ya juu ya bonde ilitengwa na Locarno kwa barabara, hadi jeshi lilipojenga daraja la muda. Weka alama mbili kwenye ramani yako, moja penye kijiji na nyingine penye daraja hilo, kisha uchore mstari wa barabara kati yake.